Nafasi ya 187

Jumatatu, 4 Machi

Profesa ametugawia madaftari, mimi na Fundi, kila mtu lake. Wafadhili watatuma wakaguzi mwezi wa tano, na wakaguzi watataka kujua siku zetu zinakwenda wapi. Andikeni kila siku mlichofanya, alisema, hata kikiwa kidogo. Fundi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha mashine haizimiki, aliuliza kama aandike "leo mashine haikuzimika" mara sitini. Profesa akasema ndiyo, aandike hivyohivyo.

Basi naanza. Leo nimesoma makala tatu, nimeingiza protini mbili kwenye kanzidata, ya tatu nimeiacha kwa sababu waandishi wake wenyewe hawaelewani. Mvua ya kwanza imenyesha saa nane mchana. Dari ya chumba cha mashine inavuja palepale ilipovuja mwaka jana.

Jumanne, 5 Machi

Protini nne. Ndoo imehamishwa hatua moja kushoto.

Ijumaa, 8 Machi

Mdogo wangu ameliona daftari mezani akacheka. Yeye ni muuguzi, tunaishi pamoja tangu alipohamishiwa hospitali ya hapa mjini, na anasema miaka kumi na moja yote niliyofanya kazi hii hajawahi kuelewa nafanya nini, labda sasa atasoma humu. Nikamweleza tena. Mwili unaendeshwa na protini, maelfu kwa maelfu. Kila moja ni mnyororo, na kila pingili ya mnyororo ina herufi yake na namba yake. Watafiti huku na huko wanaandika makala: pingili hii ikibadilika mtu anaugua, ile ikibadilika hakuna neno. Sisi tunazisoma makala hizo, tunazipima, tunaweka jibu mahali pamoja, bure, ili mtu wa maabara asihangaike na makala elfu wakati mgonjwa anasubiri. Hiyo ndiyo kanzidata. Tulikuwa tisa. Tumebaki Profesa aliyeianzisha, Fundi, na mimi ninayesoma.

"Kwa hiyo dada, wewe ni karani," alisema.

Nikasema ndiyo, karani. Nilisema kwa maringo kidogo, nakiri.

Jumatatu, 11 Machi

Barua pepe kutoka kwa daktari wa watoto, nchi ya mbali. Barua ya adabu, karibu ya kuomba radhi. Ana mgonjwa wa miaka minne, msichana, ambaye kila akipata homa analegea na kupoteza fahamu. Daktari anashuku kimeng'enya fulani cha ini, kile kinachosaga mabaki ya vyakula vizito kama nyama na maziwa. Watoto ambao kimeng'enya hicho hakifanyi kazi wakiwekewa chakula chao maalumu mapema wanakua vizuri tu. Wakichelewa, ubongo unaumia. Msichana huyu ana badiliko kwenye pingili ya 187, herufi G imekuwa S. Lakini kanzidata yetu inasema badiliko hilo halina madhara. Anauliza tu, kwa unyenyekevu, tulilitoa wapi.

Nimemjibu kwamba nitaangalia kesho. Nilikuwa na makala nyingine mkononi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeangalia.

Makala yenyewe ni ya zamani, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na ni nzuri. Waandishi walipima badiliko la G kuwa S kwenye pingili ya 187, wakakuta kimeng'enya kinafanya kazi kama kawaida. Hawakukosea. Ila wao walianza kuhesabu baada ya kichwa. Protini hii inapotengenezwa inakuwa na kipande cha mbele chenye pingili ishirini na nne, ambacho ikishakomaa hukatwa na kutupwa. Watu wa zamani hawakukihesabu. Sisi tunakihesabu. Ni kama mtu akuelekeze nyumba ya tano kutoka dukani, nawe uhesabu kuanzia kituoni. Ile 187 yao ni 211 yetu. Nilitakiwa kuongeza ishirini na nne. Sikuongeza.

Fundi ana programu inayokagua mambo haya: ukiandika kwamba pingili ni G na kwenye mnyororo si G, inakataa. Haikukataa. Pingili ya 187 ni G na ya 211 nayo ni G. Bahati mbaya ya aina hiyo.

Kila ingizo lina alama ya aliyeliandika na tarehe. Alama ni yangu. Ni miaka saba iliyopita, siku ya Alhamisi. Ningependa kuandika hapa kwamba siku ile nilikuwa na homa, au nilikuwa na msiba. Nimepekua barua zangu za wiki ile. Ilikuwa siku ya kawaida. Niliingiza protini sita, nikamwandikia mtu kuhusu mapazia ya ofisi.

Kusahihisha kumenichukua dakika tisa. Nilifuta, nikaandika 211, nikaweka kwenye 187 maneno "haijulikani, inashukiwa kuleta ugonjwa", nikaandika sababu. Kisha nikaenda kwa Profesa. Alisikiliza huku amevua miwani. Aliniuliza kama nimeshasahihisha. Nikasema nimeshasahihisha.

"Basi mama, tusonge mbele," alisema. "Na tusipige kelele kabla ya wakaguzi."

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikatoka.

Jumatano, 13 Machi

Nilidhani mambo yameisha, kumbe hata hayajaanza. Nilimuuliza Fundi ni nani wengine wanaotumia ingizo lile. Fundi si mtu wa maneno. Alichukua karatasi akachora duara moja dogo, sisi. Kutoka kwetu mistari mitatu, kanzidata tatu kubwa zinazochukua nakala ya kila kitu chetu. Kutoka kwa hizo mistari mingine, mpaka karatasi ikajaa. Mashine za hospitali, programu za maabara, orodha za utafiti. Anazozijua yeye ni arobaini na sita. Wengine wanachukua nakala kila mwezi, wengine mara moja kwa mwaka. Wengine walichukua mara moja tu, na imetosha.

Nilimuuliza kama tuna uwezo wa kusahihisha yoyote kati ya hizo. Akasema hatuna. Nikamuuliza kama kuna njia ya kujua nani amelisoma lile ingizo kwa miaka saba. Akasema hakuna. Alinikabidhi ile karatasi kama mtu anayekukabidhi majibu ya hospitali, akarudi kuangalia ndoo.

Jumatatu, 18 Machi

Barua arobaini na sita zimetumwa. Majibu kumi na mawili, yote ya mashine. Mvua tangu asubuhi.

Jumanne, 19 Machi

Majibu ya mashine manne. Protini sifuri.

Alhamisi, 21 Machi

Daktari amejibu. Nilimwandikia ukweli wote siku ileile niliposahihisha, kwamba kosa ni letu, na badiliko la mtoto lichukuliwe kuwa la hatari. Ananishukuru. Kisha anaeleza kitu ambacho hakukisema mwanzo, nadhani kwa huruma. Msichana alipimwa akiwa na miezi saba. Maabara iliona lile badiliko, ikatazama nakala ya kanzidata yetu, ikaandika kwenye cheti kwamba halina madhara. Wazazi wakaambiwa watafute chanzo kingine. Kwa zaidi ya miaka mitatu mtoto amekula wanachokula wenzake. Amelazwa mara tisa. Alikuwa anajua kuhesabu mpaka ishirini na kuimba. Baada ya mara ya nane hakuimba tena.

Barua inaishia hivi: "Mama yake ameniomba nikuulize jambo moja. Aliyeandika ni mtu au mashine?"

Nilifunga kompyuta nikaenda kusimama kwenye korido. Profesa alipita, akaniangalia, akapita.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeandika barua kwa mama huyo kurasa mbili, nikazifuta. Nikaandika nusu ukurasa, nikaufuta. Nilichotuma ni hiki: "Ni mtu. Ni mimi. Nilikosea kuhesabu. Naomba radhi, na najua radhi yangu haikusaidii." Daktari amesema atamtafsiria.

Nyumbani nikamwambia mdogo wangu. Nilitaka anionee huruma, sitaki kujidanganya. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa viatu vyake vyeupe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nikimpa mgonjwa dawa ya mwenzake nafukuzwa siku hiyohiyo," alisema. "Wewe unaandika barua."

Akaingia chumbani kwake. Tumekula kila mtu kwa saa yake.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Mama wa mtoto hajajibu.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeipata orodha. Ni utafiti mkubwa wa miaka minne iliyopita, watoto elfu mbili na zaidi walioumwa bila sababu kujulikana, na mabadiliko ya kila mmoja. Nilitafuta 187. Watoto kumi na mmoja. Mbele ya kila mmoja neno "haina madhara", na chini ya jedwali, kwa maandishi madogo, jina la kanzidata yetu na shukrani.

Watoto wenyewe hawana majina, wana namba tu. 0312, 0388, 0457. Nimezinakili zote kwenye jalada la daftari hili.

Mkuu wa utafiti ule amestaafu na anwani yake haifanyi kazi. Msaidizi wake wa zamani alinijibu haraka, kwa upole. Majina yapo, yamefungiwa, na hakuna ruhusa ya kuyafungua bila kamati ya maadili. Kamati hukaa mara moja kila miezi mitatu. Ilikaa juma lililopita.

Jumatano, 3 Aprili

0312, 0388, 0457. Sikufanya kingine.

Jumanne, 9 Aprili

Nimegombana na Profesa, kwa mara ya kwanza tangu aniajiri. Nilimwomba tuweke tangazo ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, kwamba ingizo lile lilikuwa na kosa kwa miaka saba na kila mwenye nakala aitupe. Alisema makosa yanasahihishwa kila siku na hatuweki matangazo. Nikamwambia makosa mengine hayalazi watoto hospitalini. Akasema wakaguzi watafungua ukurasa huo kabla ya kufungua mwingine wowote, na wakitufunga hapatakuwa na ukurasa wa kuweka tangazo lolote, sasa nichague. Nikamwambia anaogopa. Alikunja miwani yake.

"Naogopa, ndiyo," alisema. "Wewe unamfikiria mtoto mmoja. Mimi nafikiria protini elfu ishirini na tisa zitakazobaki bila mtu."

Nilitoka nikiwa na hasira naye. Miaka yote nimemwona mtu wa mizaha, anayesaini na kusafiri. Leo nimemwona mwoga, na ikaniuma kuliko nilivyotegemea.

Jumatano, 10 Aprili

Tangazo lipo ukurasa wa mbele. Herufi kubwa, nyekundu. Nilimtazama Fundi. Anafuta maji sakafuni, hanitazami.

Profesa amefika saa nne, ameliona. Hakuliondoa.

Jumatatu, 15 Aprili

Mdogo wangu amerudi na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa sare. Kumbe siku zote hizi ananuna lakini kichwa chake kinafanya kazi. Alikwenda maabara ya hospitali yao wakati wa mapumziko, akamwomba mkuu wa maabara atafute kwenye mashine yao pingili ya 187 ya kimeng'enya kile, akachapisha kilichotokea. Akanifungulia mezani. "Haina madhara." Hapa hapa mjini, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenye kiti changu. Mashine yao imechukua nakala ya mwaka juzi, na kampuni iliyoiuza huiletea nakala mpya ikikumbuka.

Alisema mkuu wa maabara aliuliza kama anaweza kuibadilisha yeye mwenyewe. Haiwezekani, imefungwa. Basi mdogo wangu alichukua kalamu, akaandika kwenye karatasi nyingine kwa mkono, "187 G kuwa S: USIAMINI MASHINE, mpigie daktari", wakaibandika ukutani juu ya mashine kwa gundi ya vidonda.

Tulikaa tunaitazama ile karatasi yenye kosa. Hakunisema safari hii. Alisema tu kwamba kama hospitali yao iko hivyo, nyingine nazo ziko hivyo, na yeye ana miguu miwili tu.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Nilipofika, chumba cha mashine kilikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Fundi alishapandisha mashine juu ya matofali, peke yake, tangu alfajiri. Mashine ni nzito kama kabati. Tulichota maji mpaka saa saba, yeye, mimi na Profesa aliyekunja suruali. Hatukusemezana na Profesa ila "shika" na "leta". Wakati fulani aliteleza, nikamdaka mkono. Ana mkono mwepesi sana. Sikujua amekonda hivyo.

Mashine haikuzimika. Fundi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafungua daftari lake lililolowa, akaandika.

Jumanne, 30 Aprili

Wazo hili limekuwa likinisumbua na sikutaka kuliandika. Kama nilisahau kichwa mara moja, nilisahau mara ngapi?

Fundi amenitolea maingizo yangu yote. Yenye namba zilizotoka kwenye makala za zamani ni elfu tatu mia moja na arobaini. Kila moja nitafute makala, nisome walianzia wapi kuhesabu, nilinganishe. Nikienda mbio, hamsini kwa siku. Nimepiga hesabu, nikaacha kupiga hesabu. Leo nimefanya thelathini na nane. Zote sahihi.

Ijumaa, 3 Mei

Mia moja tisini na nane. Zote sahihi. Badala ya kufurahi nazidi kuogopa.

Jumatatu, 6 Mei

Daktari ameandika. Msichana yuko kwenye chakula chake wiki ya saba sasa. Alipata homa juma lililopita na hakupoteza fahamu, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe. Anatembea vizuri zaidi. Maneno aliyoyapoteza hayajarudi. Daktari hataki kuahidi kwamba yatarudi.

Kuhusu mama: "Alisoma barua yako. Aliomba nakala yake. Juzi tu ameniuliza kama wengine wameshaambiwa."

Nimemjibu kwamba wapo kumi na mmoja ninaowajua kwa namba, na kamati itakaa mwisho wa mwezi wa sita. Nilipoisoma sentensi hiyo kabla ya kuituma niliona aibu, lakini hapakuwa na sentensi nyingine ya kweli.

Jumanne, 14 Mei

Wakaguzi wamekuja. Watatu, wastaarabu, wenye viatu visivyofaa kwa matope yetu. Tulipanga viti vya kuazima ofisi ya jirani. Nilikuwa nimeshayapanga kichwani majibu yangu, nikiulizwa kuhusu lile tangazo jekundu niseme nini bila kumchongea Profesa na bila kudanganya.

Hawakupata nafasi ya kuniuliza. Profesa alisimama kabla hata chai haijamiminwa. Alisema kuna kosa ambalo wanapaswa kulisikia kwake kabla ya lingine lolote. Akalieleza lote: kichwa, pingili ishirini na nne, miaka saba, msichana, wale kumi na mmoja. Aliyesoma makala alikuwa peke yake, alisema, wakati kanuni aliyoiandika yeye mwenyewe inataka kila ingizo lisomwe na wawili. Yule wa pili aliondolewa miaka tisa iliyopita, na barua ya kumwondoa alisaini yeye, Profesa, kwa sababu aliona heri kanzidata ibaki na msomaji mmoja kuliko ifungwe. Hilo, alisema, waliandike kwa jina lake.

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba palikuwa na wa pili. Mwanamke mmoja mfupi, mkali, akinirudishia kazi yangu na maduara ya penseli.

Mkaguzi mmoja aliuliza watu wangapi wanafungua tovuti yetu kwa siku. Fundi akasema mia moja na kitu. Mkaguzi akasema ni wachache. Fundi akaeleza kwamba wengi wanasoma nakala zetu kwingine, hata hawajui zimetoka kwetu. Mkaguzi alikubali kwa kichwa, akaandika mia moja na kitu.

Walipoondoka nilimwendea Profesa nimwombe radhi kwa neno lile, kwamba anaogopa. Alisema neno lenyewe lilikuwa sahihi, radhi ya nini.

Jumatatu, 20 Mei

Mia saba arobaini na moja zimekaguliwa. Kosa moja dogo, jina la mwandishi. Mvua inapungua.

Ijumaa, 24 Mei

Wafadhili hawatuendelezi. Barua ni ndefu na ina sifa nyingi. Wanasema kazi yetu ni ya thamani kubwa na kwamba taarifa zetu zimehifadhiwa salama katika kanzidata kubwa, hivyo hazitapotea. Kosa hawakulitaja hata kidogo. Nadhani wangetufunga vyovyote vile, na kwa namna fulani hilo ndilo limeniuma, kwamba hata tulipoungama hapakuwa na anayesikiliza.

Profesa alitusomea barua yote kwa sauti, polepole, hadi jina la aliyesaini. Mashine itazimwa tarehe thelathini na moja. Anwani zetu nazo zitafungwa. Fundi aliuliza kama anaweza kubaki na matofali.

Tulicheka, sote watatu, kicheko cha ajabu. Kisha Profesa akaenda dirishani akatupa mgongo.

Jumatano, 29 Mei

Fundi anaandaa toleo la mwisho, lile ambalo kanzidata kubwa zitalinakili na kubaki nalo. Umeme umekatika mara mbili. Mimi nakagua nikiwa nimesimama, siwezi kukaa. Mia nane tisini. Mia tisa na tano. Kila ninaporuka makala ngumu najiambia nitairudia, halafu nakumbuka sina siku ya kuirudia.

Ijumaa, 31 Mei

Toleo la mwisho limetoka saa tano asubuhi. 211 imo. 187 imo, na maneno yake mapya. Kwa muda wa kama saa moja nilijisikia mtu.

Saa tisa Fundi aliizima mashine. Sikujua kama ilikuwa na sauti mpaka iliponyamaza. Alifungua daftari lake akaandika mstari mmoja, akanionyesha: leo mashine imezimika. Madaftari hakuna aliyeyaomba.

Profesa alitupa mkono. Kwangu alikawia kidogo. Alisema nisiendelee na ile kazi ya kukagua, nitajiua bure. Nikasema sawa. Alijua naongopa.

Jumapili, 2 Juni

Mdogo wangu ananiita nikae naye barazani, jua limetoka. Nimekaa na kompyuta mapajani. Fundi alininakilia maingizo yangu yote kabla ya kuzima. Elfu moja na sabini na mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Elfu moja mia mbili na tisa.

Protini nyingine kabisa, ya figo. Makala ya zamani, waandishi wengine, wamepima badiliko la pingili ya 96, R kuwa K, wakakuta halina neno. Wameanza kuhesabu baada ya kichwa. Kichwa kina pingili kumi na tisa. Kwa hiyo ni 115. Mimi niliandika 96. Pingili zote mbili ni R.

Nilirudia kuhesabu kwa kidole kwenye kioo, mara tatu. Mdogo wangu alitoka jikoni akaniuliza kuna nini, akaja akasimama nyuma yangu na mkono begani mwangu.

Niliandikia kanzidata kubwa zote tatu kwa anwani yangu binafsi, nikaeleza kila kitu, nikaambatisha makala. Mbili hazijajibu. Ya tatu imejibu saa hiyohiyo, jibu la mashine. Inanishukuru kwa kusaidia kuboresha taarifa zao. Inasema ingizo hili walilichukua kutoka chanzo kingine na wao hawaruhusiwi kuligusa. Niwasiliane na chanzo. Chanzo kikisahihisha, nao watasahihisha. Chini wameweka anwani.

Anwani ni yangu, ile ya ofisini.

Niliiandikia. Sijui kwa nini, vidole viliandika tu. Barua ikarudi kabla sijanyanyua mkono, kwamba anwani hiyo haipo.

Mdogo wangu alisoma yote akiwa amesimama palepale. Aliuliza sasa tunampigia nani. Nikamwambia hakuna. Akaenda akaniletea kalamu, maana ndicho kitu pekee alichoweza kuleta, na mimi nimefungua daftari hili maana sina pengine pa kuandika. Protini ya figo, badiliko la R kuwa K. Iandikwe 115, si 96. Kwenye 115 halina madhara. Kwenye 96 hakuna anayejua.